Barabara Hii Utaijenga kwa Fedha ya Nani?

Kuna swali wagombea wa Dar es Salaam hawalipendi hata kidogo, na wala si lile la rushwa. Mgombea ukimuuliza habari za rushwa atakujibu vizuri tu. Atainua mkono juu, ataapa, atamtaja Mungu, na wapambe watashangilia. Linalomtoa jasho ni hili: "Barabara unayotuahidi, utaijenga kwa fedha ya nani?"

Jaribu siku moja uone. Mgombea ubunge amesimama juu ya gari pale Mbagala Rangi Tatu, au Gongo la Mboto, au Kimara Mwisho, kipaza sauti mkononi, anaahidi lami kutoka stendi mpaka zahanati. Vigelegele vinapigwa, singeli inarudi hewani, na msafara unaondoka kuwahi mkutano mwingine kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyeuliza kitu.

Sasa, mbunge hana fungu la kujenga barabara. Barabara za mitaani kwetu ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Zile kubwa ni za TANROADS, maji ni DAWASA, umeme TANESCO. Tena sehemu kubwa ya lami na mitaro tuliyoiona ikichomoza Temeke, Ilala na Kinondoni katika miaka hii imetoka mradi wa kuendeleza jiji uitwao DMDP, ambao fedha yake ni mkopo wa Benki ya Dunia, yaani deni la kila mmoja wetu pamoja na wajukuu. Nimewahi kuona bango la mgombea limesimikwa kando ya barabara ya namna hiyo, uso wake mkubwa kuliko geti la shule iliyo jirani, na maandishi ya kumshukuru kwa kutuletea maendeleo. Deni tunalipa sisi, shukrani anapokea yeye.

Fungua Katiba, Ibara ya 63. Inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Halafu inataja kazi zenyewe: kumuuliza waziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango, kutunga sheria, kuridhia mikataba. Visima havimo, wala mabati ya msikiti. Fedha pekee ambayo mbunge anaikaribia kwa mkono wake ni ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambako yeye ni mwenyekiti wa kamati. Hizo ni hela za madawati na matundu ya vyoo. Ukizipeleka kwenye lami utamaliza kabla hujafika kona ya kwanza. Anaingia pia kwenye baraza la madiwani, hivyo bajeti ya halmashauri anaipigia kura. Basi.

Kwa hiyo mtu huyu anaomba kazi, na katika siku zote za kampeni haielezi hiyo kazi hata mara moja. Anatueleza kazi ya TARURA.

Ninachotaka tuwapandishie wagombea si kipimo cha utakatifu. Watakatifu hawachukui fomu. Nataka tu wajue kazi wanayoiomba, na atakayeahidi kisichomo katika kazi hiyo aulizwe pale pale, mbele za watu, atakifikiaje.

Nimeliona hili likifanyika, na ndilo lililonitia hamu ya kuandika. Ilikuwa kampeni za 2025, huku kwetu Mbagala. Mama yangu mdogo ni mwenyekiti wa kikundi cha vikoba, na siku hiyo nilikuwa nimetumwa kuazima viti vya plastiki kwa jirani. Mgombea udiwani alikuwa ameomba kuja kusalimia. Alikuja na vijana wanne, kreti mbili za soda na meneja wake wa kampeni aliyekuwa hatoi jicho kwenye simu.

"Mama zangu, shikamooni."

"Marahaba, mheshimiwa mtarajiwa. Karibu ukae."

Akaeleza vizuri, maana kuongea anajua. Akasema akina mama ndio jeshi kubwa, ndio wanaolea taifa, na akichaguliwa atahakikisha kila mama wa kata hii anapata mkopo usio na riba. Makofi yakapigwa, ya adabu. Ndipo mweka hazina, mama mmoja muuza samaki wa Feri asiyezoea kupaza sauti, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, ule mkopo wa halmashauri, wa asilimia 10 ya mapato ya ndani. Sisi wanawake ni asilimia ngapi pale?"

"Mama, mimi nitahakikisha mikopo inamfikia kila..."

"Utahakikisha nimesikia. Nauliza, wanawake asilimia ngapi?"

Akamtazama meneja. Meneja akaitazama simu. "Kumi," akasema mgombea.

"Kumi ni yote, baba. Wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili."

Hakuna aliyecheka, na nadhani ndiyo maana lile jambo lilimwingia. Mama akaendelea bila haraka, kama anayehesabu chenji. Mikopo ile Serikali iliisimamisha Aprili 2023, ikarudishwa 2024. Ilisimamishwa kwa sababu gani? Kikundi chao kikitaka kuomba leo, fomu inaanzia ofisi gani? Kwenye vikao vya baraza yeye ataulizia nini, kwa maana vikundi hewa vilivyokula hela ya mwanzo havikutoka mbinguni? Yule kijana (tuseme ukweli, alikuwa kijana mwenye heshima) alijibu swali moja kwa kubahatisha, mengine akasema atayafanyia kazi. Soda ziligawiwa. Walipoondoka, mmoja wa vijana wake alisikika nje akisema akina mama hawa wametumwa.

Kutumwa! Kwa nchi yetu, mtu akiuliza swali lenye tarakimu ndani yake, lazima ametumwa.

Wiki ileile akaja mgombea mwingine wa kata hiyohiyo, mwanamke, wa chama kidogo, bila soda. Akaulizwa yaleyale. Hakuyajua. Akasema, "Mama zangu, hilo silijui, nisiwadanganye. Nipeni muda nikaulize kwa afisa maendeleo ya jamii." Siku chache baadaye akarudi na karatasi za fotokopi zenye utaratibu wa kuomba. Hakushinda. Sitaki kuipamba habari hii iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Ila kikundi kiliomba mkopo kwa kufuata zile karatasi, na mpaka leo akina mama wale wakimtaja wanamwita kwa jina, wakati wengine wote ni "yule wa soda", "yule wa kofia".

Kwa nini basi wagombea wasiseme ukweli? Jibu ninalolipata kila nikiwaza ni kwamba tunawaadhibu wakiusema. Mweke mgombea mmoja aseme, "Sitawajengea daraja, ila nitambana Waziri wa TAMISEMI, mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kila bajeti mpaka daraja liingie kwenye mpango, na msipoliona mtajua nilimuuliza mara ngapi." Mweke mwingine aseme, "Daraja nalileta mimi." Nani atabebwa juujuu? Wa kwanza ataonekana mnyonge, tena ataulizwa kama hana uwezo kwa nini anagombea. Sisi wapiga kura ndio tunaolipa uongo kwa vigelegele, halafu miaka mitano tunakaa kijiweni kulalamika kwamba tumedanganywa. Wanasiasa wanasoma soko kama mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo.

Habari ya soda nayo ina historia yake, na inafaa vijana waijue. Mwaka 2000 Bunge lilibadili Sheria ya Uchaguzi na kuingiza vifungu vilivyokuja kujulikana kama vya takrima. Kwa maneno mepesi, mgombea akikulisha na kukunywesha kwa nia njema, kama ukarimu wa kiasili, hiyo haikuhesabiwa rushwa. Ukarimu wa Mswahili, ule wa "karibu chakula" hata kama sufuria ni moja, ukageuzwa kichaka cha kujificha wenye hela. Mashirika ya wanasheria na watetezi wa haki, LHRC na wenzao wa LEAT na NOLA, wakaenda Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam, na Aprili 2006 mahakama ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba. Mojawapo ya hoja ilikuwa wazi kabisa: vinambagua mgombea maskini, asiye na cha kukirimu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka mgombea aeleze fedha zake za kampeni zimetoka wapi na zimekwenda wapi. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, nao kila msimu wanatoa onyo.

Na bado ukipita uswahilini wakati wa kura za maoni za vyama unajua kinachoendelea. Bahasha inaitwa nauli. Mafuta ya bodaboda yanaitwa kuwezesha vijana. Baada ya kura za maoni za CCM za mwaka 2020 mji mzima ulikuwa na msemo mmoja, "wajumbe si watu", kilio cha wagombea waliowapa wajumbe wapiga kura kila walichonacho na kuambulia kura za kuhesabu kwa vidole. Tulicheka sana wakati ule, tukatengeneza mpaka picha za mzaha. Nikifikiria vizuri, kile kilikuwa kilio cha mtu aliyenunua bidhaa asiletewe, na sisi tukaona ni kichekesho tu.

Wapo watakaosema: chukua chao, kura yako mpe umtakaye. Hilo shauri ni la tangu vyama vingi vilipoanza, na kwa mtu anayeshinda na mlo mmoja siwezi kumsimanga. Khanga ni khanga. Tatizo langu lipo upande wa mtoaji. Akishatoa, moyoni mwake deni limekwisha. Ukimfuata baada ya mwaka na habari ya mtaro uliobomoka, hatakwambia waziwazi, lakini utaona machoni mwake kwamba mlishamalizana siku ile ya pilau. Mwalimu Nyerere, katika hotuba zake za 1995, aliuliza jambo ambalo halijachuja: mtu anayemwaga fedha ili apate uongozi, fedha hizo amezitoa wapi, na kama amekopa, atazirudishaje? Aliuliza kuhusu Ikulu. Swali linafaa hata kwa udiwani wa kata yenye dampo na soko moja.

Mwaka huohuo wa 1995 ndio ambao wagombea urais wote wanne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, walikaa meza moja katika mdahalo na kuulizwa. Wazee wa hapa wanaoukumbuka wanasimulia kama mechi ya Simba na Yanga, nani alimjibu nani na kwa uso gani. Na hapa Dar wana sababu ya ziada ya kuukumbuka uchaguzi ule: vifaa vilichelewa na mambo yakavurugika tarehe 29 Oktoba kiasi kwamba uchaguzi wa jiji zima ulifutwa, watu wakarudi kupanga foleni tarehe 19 Novemba. Walirudi. Baada ya hapo mdahalo wa kuwakutanisha wagombea wote wakubwa haukujengeka kuwa desturi, na chama tawala ndicho kilichokuwa na sababu chache zaidi za kuutaka. Tumebaki na mikutano ya hadhara, ambako mgombea ubunge wakati mwingine hata haongei. Anashikwa mkono, anainuliwa na mkubwa wa chama, anaambiwa asalimie, anasalimia, anaketi. Nimewaona waliokuwa wabunge kwa miaka mitano ambao jimboni hakuna aliyewahi kuwasikia wakimaliza hoja.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mtu, mkutano wa hadhara sahau. Kikao cha ndani ndicho chenye faida: vikoba, saccos, kijiwe cha bodaboda, kamati ya shule, jumuiya ndogondogo, madrasa. Hapo hana kipaza sauti na hana msanii wa kumwokoa. Na mjiandae kabla hajafika, maana maandalizi hayahitaji digrii. Kama anatetea kiti, Taarifa Rasmi za Bunge zipo kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kijana yeyote mwenye bando anaweza kutafuta jina lake na kuona aliuliza nini na alinyamaza siku gani. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa hadharani kila mwaka zikishafika bungeni, na ipo inayohusu serikali za mitaa. Hati ya ukaguzi ya halmashauri yako inasomeka humo. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, ingawa ukienda siku ya kwanza mlinzi atakuuliza umekuja kufanya nini. Madereva wa bodaboda nao wana lao: katika bajeti ya 2021/22 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Anayejaza tangi kila siku ana haki kuliko mtu yeyote ya kuuliza mashimo ya Yombo bado yanafanya nini pale.

Kama ni mgombea mpya, asiye na rekodi bungeni, ana rekodi mahali pengine. Alikuwa kamati ya shule? Vitabu vya mahesabu viliishaje? Aliongoza chama cha wenye daladala? Waulize makonda.

Najua msomaji wangu ananisubiri wapi. Utaniambia: kaka, unaongea habari za kupima wagombea, wagombea wenyewe wako wapi? Ni swali halali, na nisingependa kulizunguka. Mwaka 2025 chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi kikidai mabadiliko kwanza, huku mwenyekiti wake akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Tarehe 29 Oktoba jiji hili liliingia kwenye maandamano, risasi, amri ya kutotoka nje usiku na kukatika kwa intaneti. Watu walikufa. Matokeo ya urais yalipotangazwa yalimpa mgombea wa CCM karibu asilimia 98. Kuna mazungumzo mtaani kwetu ambayo hadi leo yanafanyika mlango ukiwa umefungwa, na mimi si wa kumwambia mtu aliyezika kwamba dawa ni kusoma Taarifa za Bunge.

Na vikwazo vingine ni vya zamani kuliko 2025. Huwezi kugombea bila chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema mwaka 2013, katika shauri la marehemu Mchungaji Mtikila na wenzake, kwamba kumnyima raia ugombea binafsi ni kuvunja haki zake, na hadi leo mlango haujafunguliwa. Huwezi kumrudisha nyumbani mbunge aliyeshindwa kazi katikati ya muhula. Rasimu ya Katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba ilipendekeza wapiga kura wawe na uwezo huo, na mbunge asizidi vipindi vitatu. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likayaondoa yote mawili. Wabunge waliopewa nafasi ya kuamua kama wanaweza kufukuzwa waliamua hawawezi. Sijui nani alishangaa.

Kwa hiyo sisemi kwamba maswali ya akina mama wa vikoba yanatosha. Sanduku likiwa halina ushindani, mgombea anaweza kushindwa maswali yote na bado akaapishwa. Yule wa soda ndiye diwani wetu leo. Ninachokataa ni ile hitimisho ya kijiweni, kwamba kwa kuwa mambo yako hivyo, basi tule tu, tupige picha, tusubiri nchi ibadilike ndipo tuanze kuuliza. Wanaoshughulikia katiba mpya na tume huru kweli wanafanya kazi kubwa, nami nawaunga mkono. Lakini hata siku katiba hiyo ikija na wagombea kumi kwenye karatasi, mtu asiyezoea kumuuliza mmoja hatajua awaulize nini kumi.

Kikundi cha mama mdogo kina daftari la kaunta, kubwa, jeusi, la kumbukumbu za vikao. Kurasa za Septemba 2025 zina ahadi za kila mgombea aliyepita pale, tarehe, na nafasi ya saini. Yule wa soda alisaini. Nadhani alidhani ni kitabu cha wageni. Mwezi uliopita walimwandikia barua rasmi, nakala kwa mtendaji wa kata, wakimwalika aje aeleze vikundi vingapi vya kata vimepata mkopo na vipi vimekataliwa. Amejibu kwamba yuko kwenye vikao na atawapangia siku. Wameandika barua ya pili, na safari hii wamebandika fotokopi ya ukurasa wenye saini yake.